Watoto Wataona Nini? Fuwele, Chai na Hadubini ya Macho Mawili

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni za chai za Kericho zilikodi ndege ili zipigane na mawingu. Zilikuwa na sababu. Miinuko hii yetu, kutoka Kericho hadi Nandi Hills, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Asubuhi jua linawaka, mchana hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria inapanda milima, na ikifika saa tisa au saa kumi mawingu yashajaa. Anayeumia kwanza ni lile jani changa la juu, na hilo ndilo linalochumwa. Kwa hiyo marubani wakawa wanaruka kando ya mawingu wakifyatua fataki zenye iodidi ya fedha.

Kwa nini iodidi ya fedha, si chumvi ya kawaida au vumbi? Jibu lilipatikana mwaka 1946 huko Schenectady, New York, katika maabara ya kampuni ya General Electric. Bernard Vonnegut, kaka yake mwandishi Kurt Vonnegut, alipekua majedwali ya fuwele akitafuta ile ambayo umbo lake la ndani linakaribiana na la barafu. Maji ya mawinguni yanaweza kupoa chini ya nyuzi sifuri na bado yakabaki maji, yakingoja mahali pa kujishikiza ndipo yagande. Iodidi ya fedha inayapa mahali hapo. Wazo lilikuwa kwamba vishikizo vikiwa vingi, utapata punje nyingi ndogo badala ya mawe machache makubwa. Kama kweli njia hiyo huzuia mvua ya mawe, wataalamu wamebishana kwa miongo. Lakini ebu fikiria: kulikuwa na watu walioamini kwamba mavuno ya Kericho yanaweza kuokolewa na umbo la kitu kidogo kuliko vumbi la chaki.

Hicho kitu kinaitwa fuwele. Ni kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, kama mistari ya michai shambani: ukishaona mistari mitatu, unajua ya nne itakaa wapi. Barafu ni fuwele. Sukari ni fuwele, chumvi pia. Nilikulia Roret nikiokota mawe ya mvua na kuyatafuna, nikila nduma iliyopikwa nusu ikaniwasha ulimi, na sikuwahi kuambiwa kwamba vyote viwili ni hadithi ya fuwele. Nduma mbichi inawasha kwa sababu ndani yake kuna vishada vya sindano ndogo sana za oksaleti ya kalsiamu. Mananasi yetu nayo yanazo.

Nasimulia haya kwa sababu mwaka jana niliulizwa swali kuhusu fuwele, na swali lenyewe lilikuwa limebeba pesa za watu.

Sisi tuliosoma shule moja ya upili ya huku (jina tuliache) tulikuwa tumechanga shilingi 84,000 za maabara. Si pesa za mabosi wa Nairobi. Kuna waliotuma mia mbili, mia tatu, baada ya bonasi ya majani kuingia. Mwalimu wa kemia aliomba kitu kimoja tu: hadubini ya stereo, ile ya macho mawili, ya kutazamia fuwele. Mimi ni fundi wa maabara huko Industrial Area, Nairobi, basi kazi ya kuchagua nikaachiwa. Grupu likawaka moto.

"Msee, kuna moja nimeona Luthuli inakuza mara 2000, na bei ni poa."

"Si tununue ile ya kuunganisha na simu? Ni elfu tano tu."

"Zeiss ama tusinunue kabisa!"

Kisha mama mmoja aliyemaliza shule kabla ya wengi wetu kuzaliwa akaandika: "Kijana wa maabara, mimi nitakuuliza kitu kimoja. Watoto wataona nini?"

Alikuwa amegusa penyewe. Wakati wetu hadubini ilikuwepo, moja, ndani ya kabati lenye kufuli. Katika miaka minne niliiona ikitolewa mara mbili. Tulikuwa hamsini na kitu darasani, kila mmoja akapewa kama sekunde tano, na wengi wetu tuliona kope zetu wenyewe. Halafu tukachora kilichokuwa kitabuni na kuandika chini yake "kama inavyoonekana kwenye hadubini". Tulipata alama zote.

Nilianza kumjibu yule mama kwenye grupu, jibu likawa refu mno. Ndilo hili. Ni refu kwa sababu huwezi kuchagua chombo hiki vizuri kama hujui kilitengenezwa na nani, na alikuwa amekwama wapi.

Tuanze na mwanga. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha Micrographia, kitabu cha picha za vitu vidogo. Watu wanamkumbuka kwa kiroboto mkubwa kama paka na kwa neno la seli. Wachache wanakumbuka kwamba alitazama pia fuwele: zile zinazometameta ndani ya mawe, na hata zile zinazotulia chini ya mkojo. Akagundua kwamba akipanga risasi za mviringo, moja juu ya nyingine, anaweza kupata maumbo yaleyale anayoyaona kwenye fuwele. Akakisia kwamba labda fuwele zimejengwa hivyo, kwa punje zilizopangwa. Hilo lilikuwa zaidi ya miaka 200 kabla ya mtu yeyote kuwa na njia ya kulithibitisha.

Shida ya Hooke haikuwa lenzi tu. Ilikuwa giza. Alilazimika kuweka taa, mbele yake tufe la kioo lililojazwa maji, kisha lenzi nyingine, ili mwanga ukusanyike kwenye kitu chake. Hadi leo, ukimwona mtu anatangaza hadubini kwa kutaja inakuza mara ngapi bila kusema mwanga unatoka wapi, jua hajawahi kuitumia.

Kuhusu hiyo ya mara 2000, kesi ilifungwa zamani. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa mji wa Jena huko Ujerumani, alionyesha kwamba mwanga wenyewe una kikomo. Nukta mbili zikikaribiana kupita kiasi fulani, takriban sehemu ya tano ya elfu moja ya milimita, hakuna lenzi ya kawaida itakayozitenganisha. Ukizidi kukuza baada ya hapo, unapata ukungu mkubwa zaidi. Ni kama kuvuta picha ya simu hadi sura ya mtu igeuke miraba. Kwa hadubini za mwanga, mwisho wa faida ni kama mara 1000 au 1500, tena kwa lenzi ghali sana. Na kwa fuwele za shuleni hata mara 100 ni nyingi.

Hapo ndipo Louis Pasteur anapoingia. Mwaka 1848, kabla ya chanjo na kabla ya maziwa kubeba jina lake, alikuwa kijana wa miaka 25 katika maabara ya Paris. Alikuwa akichunguza chumvi za asidi zinazotokana na kazi ya divai. Kulikuwa na kitendawili. Asidi mbili zilikuwa na viambato vilevile kwa kila kipimo cha kemia, lakini moja ilizungusha mwelekeo wa mwanga na nyingine haikuzungusha. Pasteur alikuza fuwele za ile isiyozungusha, akazitazama kwa makini, akaona ni za aina mbili. Zilifanana kama mkono wa kulia na wa kushoto: kila kona iko, lakini huwezi kuvalisha moja glavu ya nyingine.

Akafanya kazi ya subira. Kwa kibano, moja baada ya moja, akatenga za kulia upande huu na za kushoto upande ule. Kila fungu aliliyeyusha kivyake. Moja lilizungusha mwanga kulia, la pili kushoto. Mwanafizikia mzee Jean-Baptiste Biot hakuamini mpaka kijana aliporudia jaribio mbele yake. Leo kila kiwanda cha dawa kinalazimika kujua molekuli yake ina mkono upi. (Fuwele hizo hujitenga hivyo kukiwa na baridi kidogo tu, joto likipita kama nyuzi 27 mpango unavurugika. Roret tungefaulu. Mombasa, sijui.)

Nataka tuone Pasteur alihitaji nini. Fuwele zake zilikuwa kubwa kiasi cha kushikika. Alichohitaji ni kuona umbo, pande zote, huku mikono yake ikiwa huru kufanya kazi. Hadubini ya kawaida ya baiolojia haikupi hilo. Ukiweka lenzi yake ya mara 40, kati ya kioo na kitu hakubaki hata milimita moja. Kibano kitapita wapi? Tena picha inakuja imegeuka: ukisukuma kulia, kitu kinaenda kushoto. Na inaonyesha utando mwembamba tu, juu na chini yote ni ukungu. Kwa tabaka la kitunguu lililolazwa kwenye slaidi, hiyo ni sawa kabisa. Kwa fuwele yenye urefu, upana na kimo, ni kama kuijua nyumba kwa kutazama zulia lake.

Kwa hiyo swali likawa namna ya kuona kimo. Watu walikuwa wamejaribu mapema. Mwaka 1677 mtawa Mfaransa, Chérubin d'Orléans, alieleza hadubini yenye mirija miwili, jicho hili na hili. Wazo lilikuwa zuri, lakini hakuna aliyeelewa macho mawili yanafanya kazi gani hasa. Maelezo yalikuja mwaka 1838, pale Charles Wheatstone wa London alipoonyesha kwamba kila jicho linapata picha tofauti kidogo, na ubongo unatumia tofauti hiyo kujenga kina. Funga jicho moja ujaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, utamwelewa Wheatstone bila kusoma ukurasa hata mmoja.

Mtu aliyeunganisha hayo yote hakuwa mtengenezaji wa lenzi. Horatio Greenough alikuwa Mmarekani aliyeishi Paris na kuchunguza viumbe wachanga chini ya hadubini. Alichoka kufanya kazi kwenye picha bapa iliyopinduka. Mwaka 1892 akapeleka ombi lake kwa kampuni ya Zeiss kule Jena: nitengenezeeni hadubini mbili kamili, kila moja na lenzi zake, zikiinamiana na kutazama kitu kimoja, jinsi macho yanavyoinamia kidole ukikileta karibu na pua. Siegfried Czapski, aliyefanya kazi na Abbe, akalifanyia hesabu. Wakaongeza prizimu za kuinua picha ili kulia kubaki kulia. Kabla ya karne kwisha zilikuwa zinauzwa. Mpaka leo, hadubini nyingi za stereo za bei nafuu unazozikuta maabara, kwa sonara au kwa fundi simu zimejengwa kwa mpango huo, na zinaitwa kwa jina la Greenough.

Mpango wa pili ulikuja baadaye. Mwaka 1957 kampuni ya American Optical ilitoa Cycloptic, ambayo badala ya lenzi mbili ndogo chini, ilikuwa na lenzi moja kubwa inayotumiwa na macho yote mawili. Faida yake ni kwamba mianga miwili inapanda sambamba, na katikati unaweza kuchomeka vitu: kamera, taa, vichujio. Miaka miwili baadaye, 1959, Bausch & Lomb wakatoa StereoZoom, ambayo unazungusha kitufe na kitu kinakua polepole bila kubadilisha lenzi.

Sasa wale wa "Zeiss ama tusinunue" wanielewe. Ugomvi wa Greenough na lenzi moja kubwa si wa nzuri na mbaya. Ule wa lenzi moja kubwa ni wa mtu atakayeongeza vifaa mwaka hadi mwaka. Ni mzito, ni ghali, na shule haitawahi kununua hivyo vifaa. Greenough ni nyepesi, ni imara, na kwa pesa ileile unapata kioo bora zaidi. Kwa shule ya Roret nilichagua Greenough bila kusitasita.

Bado kuna jambo moja kuhusu fuwele ambalo Greenough hakuliwazia, na hili linatuleta karibu na nyumbani. Dorothy Crowfoot alizaliwa Cairo mwaka 1910, na wazazi wake walifanya kazi Sudan. Alipokuwa msichana mdogo akiwatembelea Khartoum, mkemia mmoja rafiki ya familia alimpa sanduku la kemikali na vifaa vya kupimia madini. Sanduku moja tu. Mwaka 1934 alikuwa Cambridge akifanya utafiti na J. D. Bernal. Walipata fuwele za pepsini, protini inayosaga chakula tumboni. Wengine waliojaribu kupiga protini picha za eksirei walikuwa wamepata utando usioeleweka. Bernal alizitazama kwanza kwenye hadubini yenye vichujio vya mwanga, akaona zikiwa ndani ya maji yake zinang'aa, na zikikauka mng'ao unapotea. Maana yake ni kwamba mpangilio wa ndani ulikuwa unabomoka. Akaifungia fuwele ndani ya mrija mwembamba wa kioo pamoja na maji yake, na picha ikatoka safi. Dorothy, ambaye baadaye alijulikana kama Dorothy Hodgkin, alikuja kuonyesha umbo la penisilini na la vitamini B12. Mwaka 1964, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, habari zilimkuta Ghana.

Vile vichujio ni rahisi kueleza. Mwanga hutetema pande zote. Kichujio kinaruhusu upande mmoja tu. Ukiweka viwili vilivyopingana, kila kitu kinakuwa giza. Sasa weka sukari katikati. Inawaka rangi: buluu, njano, waridi, kwa sababu fuwele yake inaugawanya mwanga. Weka chumvi: giza. Fuwele ya chumvi ni mchemraba, haina upande wa kupendelea. Vitu viwili vyeupe kutoka jikoni, ambavyo kwa macho matupu unaweza kuvichanganya ukaharibu chai ya wageni, vinatengana kwa sekunde moja. Vipande viwili vya karatasi ya kichujio havizidi ukubwa wa kiganja, na ni rahisi kuliko kamera yoyote.

Nilitaja karibu na nyumbani. Tuseme ukweli wa huku. Kampuni zilileta chai Kericho katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyewe bado wanaidai. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilianzishwa Kericho mwaka 1951, wakati chai ilikuwa bado karibu yote mikononi mwa kampuni na walowezi. Shirika la wakulima wadogo, KTDA, lilikuja mwaka 1964. Kwa hiyo jani letu lilipimwa, likakatwa na kutazamwa kwa lenzi miaka mingi kabla ya mtoto wa mchumaji kupewa lenzi. Taasisi ile leo ni ya Kenya na imefanya mengi. Chai ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 ilitoka kwake. Januari 2023 wataalamu wa fuwele wa Afrika nzima walikutana Nairobi. Njia ipo. Lakini inaanzia kwenye benchi la shule, na benchi lile halina kitu.

Basi hivi ndivyo nilivyochagua, na wewe ukitumwa kazi kama hii unaweza kuanzia hapo.

Ukuzaji: kutoka mara 7 hadi mara 45, kwa kitufe cha kuzungusha. Kwa mara 7 unaona eneo la karibu sentimita tatu, yaani punje nyingi kwa pamoja, uchague iliyo nzuri. Kwa mara 45 unaona kama milimita nne na kitu, yaani nyuso za punje moja. Zile sindano za nduma zitaonekana kama nywele fupi tu. Kuziona vizuri, mwalimu atatumia hadubini ya baiolojia. Hakuna chombo kimoja kinachofanya yote, na anayekuambia kipo anakuuzia.

Nafasi ya kazi: sentimita kumi hivi kati ya lenzi na meza. Mkono wa mwanafunzi na kibano vipite.

Mwanga: wa juu na wa chini, vyote LED. Wa juu unaonyesha nyuso. Wa chini ndio unaotumika na vichujio. LED kwa sababu taa za zamani zina joto, na joto linakausha fuwele kabla darasa halijapanga foleni. Na iwe na betri ya kuchaji. Mnajua stima ya huku mvua ikinyesha.

Macho: mirija isogee karibu na mbali, maana umbali wa macho ya mtoto wa miaka kumi na minne si wa mwalimu, na kila upande urekebishwe kivyake. Zile sekunde tano za kope ziliishia hapo. Hakuna aliyetusogezea mirija.

Kamera: hapana. Simu ya mwalimu ikishikwa vizuri juu ya lenzi ya jicho inatosha. Ile ya elfu tano ya kuunganisha na simu ina jicho moja, kwa hiyo kile kina alichokihangaikia Greenough hakimo.

Halafu ijaribuni kabla ya kulipa. Mimi nilibeba sukari kwenye kikaratasi. Iweke sawa kwa ukuzaji wa juu kabisa, kisha zungusha taratibu ukishuka. Ikiwa ukungu unaingia njiani, iache. Tazama kwa dakika tano mfululizo bila kuondoa macho. Kichwa kikianza kuuma au ukiona picha mbili, mirija haijalingana, na hakuna fundi Kericho wala Bomet atakayekurekebishia. Uliza balbu na fyuzi zinapatikana wapi. Muuzaji akianza kukuimbia habari za mara 2000, mshukuru, uondoke.

Niliyoipata haina jina kubwa. Vioo ni safi, chuma ni kizito cha kutosha kutosogezwa na kiwiko. Ilibaki chenji ya kununua vichujio, vibano sita na kopo la mrututu.

Sasa, mama, swali lako. Watoto wataona nini?

Wataona sukari ikiwaka rangi na chumvi ikikataa. Wataona shabu, ile ya dukani, ikikua kutoka kwenye maji kwa muda wa wiki moja, nyuso nane kila punje, na mrututu wenye nyuso zilizopinda upande kama sanduku lililokaliwa. Siku ya mvua ya mawe wataleta jiwe kwenye kikombe, walikate haraka, waone tabaka za barafu ndani yake, kila tabaka hali tofauti ambayo jiwe hilo lilipitia ndani ya wingu.

Na wataona chai. Hili mwalimu atalifanya mwenyewe, taratibu, kwenye sahani ya moto: majani makavu chini, kioo chenye maji baridi juu. Kafeini haipiti kwenye umaji. Inapanda kama mvuke na kuganda kwenye kioo, sindano nyeupe nyembamba kama hariri. Mwaka 1819 mshairi Goethe alimpa kijana mkemia, Friedlieb Runge, punje za kahawa azichunguze, na Runge akawa wa kwanza kuipata kafeini. Walikutana Jena, mji uleule ambao baadaye ungetengeneza hadubini ya Greenough. Mwaka 1827 ikapatikana kwenye chai, ikapewa jina lake. Ilipofika 1838, Mulder na Jobst walikuwa wameonyesha kwamba ni kitu kimoja. Waliochunguza chai walitumia majani yaliyosafiri baharini miezi. Ya kwetu yatatoka kwenye shamba lililo nyuma ya maabara, majani mawili na chipukizi, yamechumwa asubuhi.

Tuliandika barua fupi ya kukabidhi chombo. Ina sharti moja, na grupu zima, hata wa Zeiss, lilikubali: kabati lisifungwe saa za masomo.